Damu Iliyoacha Sigara

Kach. Kach. Kimya. Halafu kach tena.

Ratka Velkoska alifumbua macho gizani na hakuhitaji kuuliza. Mumewe, Spase, alikuwa amesimama kwenye roshani akipigana na kiberiti chake cha gesi, kile kinachogoma kila baridi ya Januari inapokaza. Ratka alikuwa na miezi minane tangu aache sigara, na hadi leo mlio ule ulimwamsha upesi kuliko simu ya kazini.

"Spase, si ukitupe hicho?"

"Nimekuamsha?"

"Umeniamsha mimi na shetani wangu, sote wawili."

Spase alicheka chini kwa chini, akauvuta mlango wa roshani ukafunga nyuma yake, moshi usije ukapenya ndani. Hakuna aliyemwagiza. Siku ile mkewe alipotupa pakiti ya mwisho, yeye alihamia nje na sigara zake, bila hotuba wala malalamiko.

Ratka alikaa kitandani. Mlio ule ulikuwa umemrudisha kwenye chumba cha mahojiano. Jana yake Menka Ristoska aliwasha kiberiti mara moja tu. Baada ya hapo kila sigara ilizaa mwenzake: ya pili kwa moto wa ya kwanza, ya tatu kwa moto wa ya pili, hadi Ratka akatoka nje kuomba hewa.

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Menka alikuwa mkulima wa tumbaku kijiji cha Vrbovo, akiishi na mama yake mzazi na binti yake wa miaka sita, Ilina. Mume alikwishamwacha, akahamia Ujerumani, akaoa mwingine. Wiki iliyopita Menka alipeleka marobota yake kwenye kituo cha kununulia tumbaku. Mkadiriaji wa kituo, Vangel, alifungua robota moja, akanusa, akalitupa pembeni, akasema majani yale yanafaa kutandikiwa mbuzi. Nusu ya kijiji ilikuwa kwenye foleni. Nusu hiyo hiyo ilimsikia Menka akijibu kwamba atakipasua kile kichwa chake. Kulipokucha, dirisha la kituo lilikutwa limevunjwa, na Vangel amelala chini ya mizani, kichwa kimepasuka kweli. Alikuwa hai, lakini hospitalini alikuwa hajafumbua macho. Kwenye kioo kulikuwa na damu, na vipimo vya vinasaba vikasema damu ile ni ya Menka.

Menka hakukiri, hakukana. "Andikeni mnavyotaka," alisema, na hilo ndilo lilikuwa neno lake la mwanzo na la mwisho.

Kitu kimoja kilimkera Ratka. Muuguzi wa mahabusu alimkagua Menka kichwani hadi kwenye nyayo na hakuona mkwaruzo hata mmoja. Alipompelekea mwendesha mashtaka habari hiyo, yule bwana alijibu bila kuinua macho kwenye kahawa yake: "Damu ni damu, Inspekta." Na mambo yalikuwa yanakimbia. Baba yake Ilina alikuwa ameshakata tiketi. Angefika kesho mchana kumchukua mtoto, na ustawi wa jamii walikuwa wamekubali, maana mama mshitakiwa hana sauti. Mtoto akishavuka mpaka ule, kumrudisha ni kesi ya miaka.

Basi Ratka alikuwa amemwomba Daktari Fidanka wa maabara ya mji mkuu, Skopje, aitazame ile damu upya. Jana jioni Fidanka alipiga simu. "Njoo kesho," alisema, sauti ikimtetemeka kama ya mtu aliyeshinda bahati nasibu. "Kwenye simu sisemi."

*

Sajini Kosta aliendesha gari kwa mkono mmoja, mwingine ukishika bureki, ule mkate wa nyama. Hadi wanafika Skopje alikuwa amekula mbili.

"Umekula?" Fidanka alimuuliza Ratka mlangoni. Alikuwa mwanamke mfupi, koti jeupe lina doa jekundu la pilipili kifuani, na miwani imepanda juu ya nywele.

"Bado."

"Mimi nimekula, daktari," Kosta alisema.

"Wewe gari zima limekula," Ratka akamjibu. "Fidanka, sema."

Fidanka aliwakalisha mbele ya kompyuta, lakini hakuiwasha. Aliwageukia.

"Kila seli ya mwili wako ina kitabu kizima cha vinasaba. Seli ya jicho na seli ya ini, kitabu ni kile kile, herufi kwa herufi. Sasa niambieni, jicho linajuaje lisiwe ini?"

"Mungu," Kosta alisema.

"Mungu na nta. Umewahi kukiona kitabu cha padri wa kijijini, kinavyodondokewa na mishumaa? Kurasa zenye nta hushikana, hazifunguki. Maandishi yapo, ila hayasomeki. Seli nazo zina nta yao. Ni alama ndogo ya kikemia, kaboni moja na hidrojeni tatu, basi, inabandikwa juu ya herufi. Kuna vimeng'enya kazi yao ni kubandika. Kuna vingine kazi yao ni kubandua. Na seli inapojigawa ikawa mbili, kuna kimeng'enya kinachopita juu ya nakala mpya kama mwalimu mkali wa hati: kinachungulia kitabu cha zamani, nta ilikuwa hapa, haya, nadondosha hapa, hapa haikuwepo, napita. Mchana na usiku, ndani yako wewe uliyekula bureki mbili, kazi hiyo inafanywa na hujawahi kusema hata asante."

Kosta aliutazama mkono wake, mbele na nyuma, kama aliyekabidhiwa mkono wa mtu mwingine.

"Sasa moshi," Fidanka aliendelea. "Kuna ukurasa mmoja ambao kwa kawaida una nta nzito. Moshi wa sigara ukiingia, mwili unauhitaji ukurasa ule ili ujitetee. Basi nta inabanduka. Kwa mvutaji sugu ukurasa uko wazi kabisa, kila seli ya damu inausoma kwa sauti. Mtu akiacha kuvuta, nta inarudi. Lakini hairudi kwa siku moja. Miaka, jamani. Tone kwa tone."

"Na miezi minane?" Ratka alijikuta ameuliza. "Mtu mwenye miezi minane tu?"

Fidanka alishusha miwani akamtazama vizuri.

"Imeanza kurudi, dada yangu. Wewe lala usingizi wako, yenyewe iko kazini."

Ndipo alipowasha kompyuta. Safu mbili zilijitokeza, moja kando ya nyingine.

"Hii ni damu mliyomtoa Menka siku ya kumkamata. Ukurasa uko wazi, hauna nta, yaani huyu mama anavuta kama bomba la jiko. Na hii ni damu ya kwenye kioo. Herufi ni zile zile, umri wa damu, ambao nao husomeka humo, ni ule ule, hakuna hata nukta iliyotofautiana. Lakini tazama nta."

Hata Kosta aliiona. Nta ilikuwa imerudi karibu yote.

"Damu ya kwenye kioo iliwahi kuvuta, kisha ikaacha," Fidanka alisema. "Zamani. Miaka kumi na zaidi. Na damu ya Menka haijaacha hata siku moja."

Kosta aliruka kwenye kiti. "Pacha!"

"Pacha yupi?"

"Inspekta, kwani hujui? Vrbovo nzima inajua! Bibi Stojna, mama yake Menka, alizaa mapacha. Hospitali ikamwambia mmoja amekufa, hawakumwonyesha hata nguo. Mpaka leo anasema mtoto wake aliuzwa. Lisemwalo lipo! Huyo pacha kalelewa mjini, kavuta ujanani, kaacha, sasa karudi kulipiza kisasi cha dada yake!" Alikuwa ameshatoa simu mfukoni. "Nianzie wapi, kanisani au hospitali?"

Pacha angeeleza herufi, angeeleza umri, angeeleza hata nta. Alijibu kila kitu vizuri mno, na Ratka alikuwa na tabia ya kuogopa jibu lisilobakiza hata kombo. Tena lilikuwa jibu ambalo kila mama wa nchi hii aliyeambiwa kichanga chake kimekufa alikwishaliamini tangu zamani.

"Fidanka, kwenye kile kioo kulikuwa na nini kingine?"

"Kipande cha ngozi, kidogo kama ukucha wa mtoto mchanga. Cha mwanamume. Tuliandika kwamba ni cha fundi aliyekitoa kioo kwenye fremu."

"Kilikuwa wapi?"

"Kwenye ncha ile ile."

"Juu ya damu, au chini yake?"

Fidanka alifungua picha, akaikuza, akaikuza tena. "Chini. Ngozi imeng'ang'ania kioo, damu imeifunika."

"Fundi alivaa glavu. Nilisimama naye mwanzo hadi mwisho." Ratka alinyanyuka. "Ncha moja, pigo moja. Ngozi imechanika, damu ikatoka palepale juu yake. Ngozi ya mwanamume, damu ya mwanamke. Hebu ilinganishe hiyo ngozi na vinasaba vya Menka."

Vyote viwili vilikuwa tayari kwenye kompyuta. Hakuna aliyewahi kufikiri kuviweka pamoja. Kahawa haijapoa, Fidanka akasoma jibu kwa sauti ya chini: "Baba mmoja, mama mmoja. Huyu ni ndugu yake wa kiume."

Kosta alirudisha simu mfukoni pole pole.

"Je, mtu anaweza kuwa na ngozi yake mwenyewe," Ratka aliuliza, "na damu ya dada yake?"

Fidanka alivua miwani. Macho yake yalikuwa yamelowa, naye hakuyaficha.

"Akipewa uboho wa dada huyo, ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu. Kwa mfano mtoto akipata saratani ya damu. Wanaua uboho wake wote, wanamtilia wa dada. Zile seli zinajiendea zenyewe mpaka ndani ya mifupa, zinakaa, zinaanza kazi. Kuanzia hapo kila tone la damu yake limeandikwa kwa herufi za dada. Hata umri wa damu utasomeka wa dada."

"Na moshi?"

"Moshi ni wa nyumba unayokaa. Seli zilitoka kwa msichana aliyevuta, ukurasa ukiwa wazi. Zikahamia mwili usio na moshi. Na pale, hakuna aliyeziamuru, zikaanza kuibandika upya ile nta. Tone kwa tone, ndani ya mifupa ya mtu mwingine." Alipangusa macho kwa kiganja. "Nimefanya kazi hii tangu ujana wangu. Sijawahi kuona kitu kizuri kama hiki, tena nimekiona kwenye kioo cha dirisha lililovunjwa."

Ratka alishamgeukia Kosta. "Menka ana ndugu wa kiume?"

"Mmoja, mdogo wake. Gorjan, mwalimu wa jiografia pale kijijini. Wanamwita Bibi Harusi."

"Kwa nini?"

"Havuti. Mwanamume wa Vrbovo asiyevuta, Inspekta, ni kama paka asiyetaka maziwa."

*

Mwendesha mashtaka alisikiliza kwenye simu, akasema hadithi ni tamu sana. Kumtoa mtu damu kwa amri ya mahakama ni wiki nzima. Hati za hospitali, kama zipo, ni wiki mbili. "Au niletee mtu aseme," alimaliza, akakata.

Ratka aliingia chumba cha mahojiano akamkuta Menka anavuta. Akakaa mbele yake, akajizuia kuutazama ule moshi unavyopanda.

"Menka, uliwahi kuacha sigara?"

"Leo umekuja kunihubiria?"

"Nauliza tu."

"Nilianza na miaka kumi na mitano. Siku ya kumzaa Ilina nilivutia dirishani mpaka mkunga akanitukania ukoo mzima." Alikohoa kicheko. "Niache kwa ajili ya nani?"

"Nadhani kuna mtu ambaye kwa ajili yake hutoka nje kuvuta."

Mkono wa Menka ulisimama njiani. Jivu lilirefuka, likapinda, likaanguka mezani.

"Gorjan ameumia mkono gani?" Ratka aliuliza.

"Andika ni mimi."

"Siku zote hizi ulikataa kusema. Leo nimetaja jina moja tu, umekiri?"

"Andika! Nilivunja dirisha, nikamgonga. Umeziba masikio?"

"Ulimgonga na nini?"

Menka alilifuta lile jivu mezani kwa kiganja.

"Hujui," Ratka alisema kwa upole. "Ulimpa uboho wako. Alikuwa na miaka mingapi?"

Bomba la maji ya moto liligonga ukutani.

"Kumi na mitatu," Menka alisema mwishowe. "Mwembamba kama kijiti cha kiberiti. Mimi yule nilimzaa mara ya pili, unaelewa? Mama alimzaa mara ya kwanza, mimi ya pili. Mtu hamtoi aliyemzaa."

"Na Ilina uliyemzaa mara ya kwanza?"

"Ilina yuko na mama yangu."

"Kesho mchana baba yake anakuja kumchukua. Ustawi wa jamii wamekubali."

Menka alisimama, kiti kikaanguka nyuma yake. "Nani kasema? Mbona hakuna aliyeniambia?"

"Ndiyo nakuambia."

Aliutazama mlango kama atakayeubomoa. Kisha akainama, akakiokota kiti, akakikalisha sawasawa, akakaa. Akajaribu kuwasha sigara mpya kwa moto wa ile ya zamani, na safari hii sigara mbili zilishindwa kukutana.

"Andika ni mimi," alisema.

Ratka alikuwa amewaona wengi katika kiti kile: waongo, walevi, wauaji. Alitoka akasimama ukumbini na kumwambia Kosta: "Washa gari. Yule mwanamke atauacha moyo wake uvuke mpaka kabla hajasema jina la mdogo wake." Halafu akaongeza: "Na ole wako umtajie yule bibi habari za pacha. Usimfukulie kaburi bure."

*

Theluji ilikuwa imejaa hadi magotini pale Vrbovo. Mlangoni kwa Menka, chini ya ukingo wa paa, kulikuwa na kiti cha miguu mitatu, na kando yake kopo la rangi limejaa vichungi vya sigara hadi juu. Ratka alisimama akalitazama kopo, akakitazama kiti. Mwanamke anayevuta kama bomba la jiko, na sehemu yake ya kuvutia ni hapa, theluji inamwingia shingoni.

Bibi Stojna alifungua, amevaa nyeusi tangu kitambaa hadi soksi. "Karibuni, maana hata nikisema msiingie mtaingia."

"Bibi, tunaganda," Kosta alisema.

"Unene wote huo unagandaje?"

Ndani jiko la kuni lilikuwa linanguruma. Mapazia yalikuwa meupe kama ya kanisani, na Ratka alizungusha macho mezani, dirishani, juu ya kabati: hakuona kisahani cha majivu hata kimoja. Kando ya mlango kulikuwa na begi dogo la waridi, limefungwa tayari, na juu yake koti jipya la mtoto lililotoka Ujerumani, karatasi ya bei bado inaning'inia. Sakafuni, juu ya mkeka, Ilina alikuwa anayapanga majani makavu ya tumbaku kwa ukubwa, ulimi umetoka nje kwa umakini. Mjomba wake Gorjan alikaa karibu naye, kijana mrefu mwenye shati jembamba, jasho likimtiririka kwa joto la jiko. Mkono wa kushoto haukuvaa kitu. Wa kulia ulikuwa ndani ya glavu nene ya sufu.

"Mwalimu," Ratka alisema, "hiyo glavu ya nini kwenye joto hili?"

Gorjan alinyanyua uso. Kabla hajajibu, mama yake alikuwa amekwisha kujibu.

"Alikatwa na barafu. Siku ya Vodici, sikukuu ya Ubatizo. Aliingia mtoni kuuwania msalaba wa padri kama wanaume wenzake."

"Vodici ipi?" Kosta aliuliza.

"Ya mwaka huu, ipi nyingine?"

"Bibi, mimi huwa naingia mtoni kila Vodici. Mwaka huu tulikuwa tisa, padri alipotupa msalaba nikapigwa teke la tumbo na mwana wa mhunzi. Wote tisa nawajua hadi chupi zao. Mwalimu hakuwemo."

"Unene wako uliziba, hukumwona."

"Mama," Gorjan alisema.

"Wewe kaa kimya!"

"Mama, dada yuko ndani kwa—"

"Nimesema kaa kimya! Dada yako amekataza, nami nimekataza." Bibi Stojna alisimama kati ya mwanawe na Ratka. "Mwanangu ni mzima. Hajawahi kuugua hata mafua. Muulize yeyote hapa kijijini."

"Nimeuliza njiani, bibi. Wanasema alipokuwa na miaka kumi na mitatu alikwenda kusoma kwa shangazi yake, akarudi baada ya mwaka bila nywele."

"Chawa."

"Mlificha ugonjwa ili asije akakosa mchumba. Nawaelewa. Lakini wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua." Ratka alipiga magoti mkekani, macho yake sawa na ya Gorjan. "Mwalimu, nitakuambia ninachojua. Uliingia kituoni, naona, ulitaka lile robota la dada yako lipimwe tena, au ulitaka kumwambia Vangel neno. Akakukuta. Mkasukumana, akaanguka kwenye mizani. Sidhani ulikusudia. Lakini hayo ni mawazo yangu tu, na kwa mawazo yangu Menka hatoki. Kesho mchana lile begi pale linaondoka. Amri ya kupima damu yako itakuja wiki ijayo, begi likiwa Ujerumani."

Gorjan alilitazama begi. Kidole cha glavu kilikuwa na doa la kahawia lililokauka.

"Damu yangu mtapima nini?" alisema taratibu, kwa sauti ya mtu anayesoma jambo alilokariri. "Mtakuta ni ya mwanamke. Mtakuta ni ya Menka."

"Gorjan!" mama yake alipiga kelele. "Anaweweseka, mwanangu ana homa! Hakusema kitu, mmesikia? Hakusema kitu!"

"Amesema, bibi."

"Hakusema! Nani shahidi? Nyie polisi? Nitakwenda mahakamani niseme mlimtisha. Nitasema mtoto wangu hajawahi kukanyaga hospitali. Nani atabisha? Nani?"

Gorjan aliufunua mdomo, na mama yake akaufunika kwa kiganja kama anavyofunikwa mtoto anayelia kanisani. Machozi yalimtoka kijana, yakapita juu ya vidole vya mama. Ratka alibaki magotini. Kama yule bibi angeshikilia neno lake, na mwana akamtii mama kama alivyomtii dada, wiki ingepita. Nje jua lilikuwa limeanza kuinama juu ya theluji.

Nyuma yake Kosta alishusha pumzi ndefu. Alikuwa amechoka, amelowa miguu, ametukanwa unene mara mbili. Bila kufikiri, kama wanavyofanya wanaume wote wa nchi ile wakikwama, alitia sigara mdomoni na kutoa kiberiti cha gesi.

Kach.

Ilina aliyaangusha majani yote. Alikurupuka mkekani, akampita bibi yake, akampita Ratka, akasimama mbele ya sajini mikono imenyooshwa pande zote mbili kumkinga mjomba wake, akasema kwa sauti iliyojaa nyumba nzima:

"Usivute humu, mjomba ana damu ya mama."